Doa Halijakua

Saa moja asubuhi ya leo umetimia mwaka mmoja tangu ufunge kamba za kiatu kimoja, uketi tena kitandani, usiinuke. Kiatu cha pili bado kipo chini ya kitanda.

Ulikuwa daktari wa picha katika wodi ya watoto wenye saratani. Kabla ya kumpima mtoto tumbo kwa ultrasaundi, ulizamisha chupa ya jeli kwenye kikombe cha maji moto ili isimshtue. Kisha: "Vuta pumzi. Ifiche, usimpe mtu!" Ini likashuka chini ya mbavu, ukaliona. "Haya, iachie." Hata sisi nyumbani tulitolewa miiba kwa maneno hayohayo.

Kwa kuzoea chumba cha giza cha kusomea picha, ulitembea nyumbani bila kuwasha taa. "Popo karudi," mumeo alisema. Sasa korido iko kimya. Wanao wanaishi mbali, naye mumeo hula akiwa amesimama.

Mgonjwa wako wa mwisho alikuwa msichana uliyemwita Komando. Alitibiwa saratani ya figo akiwa mdogo, akapona. Miaka kadhaa baadaye doa likaonekana kwenye ini. Kwenye kikao cha madaktari wenzako walisema ugonjwa umerudi, apasuliwe. Ukasema, "Doa si hukumu. Tulitazame kwanza." Ukaomba picha ya MRI yenye dawa ambayo chembe za kawaida za ini huishikilia, na za saratani iliyosambaa haziwezi. Doa likaishikilia. Ukaandika kwamba yaelekea ni alama ya matibabu ya zamani. Asikatwe, afuatiliwe kwa picha mwaka mzima. Ukaondoka kabla ya picha ya kwanza ya ufuatiliaji.

Simu yako bado tunaichaji. Wiki iliyopita ililia, mumeo akapokea.

"Shikamoo, babu. Mimi Komando."

"Marahaba. Dokta hayupo, mjukuu wangu."

"Najua. Ila aliniambia majibu ya mwisho yakitoka nimpigie kwa namba hii. Doa halijakua. Hawanipasui."

Mumeo akaketi kitandani, simu sikioni.

"Babu, upo? Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Mwambie nimeachia pumzi."

Tumekwambia.

Tunaokukumbuka, na tutakaokukumbuka siku zote: mumeo, binti yako, mwanao wa kiume, dada yako, na wenzako wa chumba cha giza, ambao kikombe chako hawajakiondoa.