Kiti cha Tatu

Harthwaite, 9 Mei

Mdogo wangu Clive,

Natumaini huko Kanada theluji imekwisha. Hapa kwetu jukwaa la mbao la uwanja wa mpira, alikokuwa akitupeleka baba kila Jumamosi, limebomolewa. Kwenye shajara yangu nimeandika: Jumanne, saa nne asubuhi, paa limeshushwa. Wazee walisimama barabarani na vikombe vyao vya chai.

Wenye tiketi za msimu tuliitwa klabuni kuchagua viti vya jukwaa jipya, ili kila mtu abaki na majirani zake wa zamani. Nilimpeleka mama. Akataka viti vitatu.

“Bibi, mbona mko wawili?” karani akauliza. “Au kimoja ni cha marehemu mzee?”

“Marehemu anakalia nini? Hicho ni cha mwanangu Clive.”

“Yule wa Kanada? Si miaka kumi na moja hajaonekana?”

“Kuchelewa ndiyo tabia yake. Hata kuzaliwa alichelewa wiki mbili.”

Ofisi nzima ikacheka, isipokuwa mama.

Yale mliyoambiana siku ya mazishi ya baba hajayataja tena. Aliniomba nisikuandikie kwamba anaumwa, na hapo nimeshindwa kumtii. Ni saratani. Mechi ya kwanza uwanja ukifunguliwa ni tarehe 16 Agosti. Daktari anasema Agosti ataiona. Nilipomuuliza kuhusu Septemba, aliniuliza kama mama ana mtoto mwingine.

Nimemwambia yupo.

Dada yako akupendaye,
Maureen