Daraja la Kaunti Mbili

Jumatatu, 5 Mei
Chai peke yangu tena. Haina ladha. Wiki tatu sasa tangu mke wangu Kwamboka avuke kwenda kumuuguza mama yake, na siku ya nne mto ukazoa daraja. Kuzunguka ni safari ya kutwa. Na nikifika? Mkwe halali kwa mama mkwe. Naona moshi wa jiko lake kule ng'ambo. Nina hamu na Kwamboka mpaka naona haya.

Alhamisi, 8 Mei
Baraza. Chifu akasoma barua: mto ni mpaka wa kaunti mbili, hivyo daraja litajengwa kwa "ushirikiano baina ya serikali". Wazee wakanigeukia mimi mwalimu niwafasirie kwa lugha yetu, maana kanisani mkalimani ni mimi. Nikawaza: wenyewe wawili, kazi moja. Nikawaambia ni egesangio, ule ushirika wetu wa kufanyiana kazi kwa zamu. Leo tunalima kwangu, kesho kwako. Wakapiga makofi. Kichwa kikanivimba.

Jumapili, 11 Mei
Balaa. Egesangio ikishatajwa, mtu hangoji barua ya pili. Asubuhi watu thelathini mtoni, majembe, panga, magogo ya mikaratusi.
Chifu akanijia juu. "Mwalimu, nani alikutuma? Hiyo ni serikali na serikali! Wanaandikiana, wanapima, wanaweka sahihi. Wewe umeleta watu na jembe!"
Kweli tupu. Nilikosea. Nikapanda jiwe niwaambie warudi nyumbani.
Ng'ambo nako watu wakawa wanateremka na magogo. Habari ilivuka kwa simu. Mbele yao Kwamboka, gauni amelifunga kiunoni, jiwe begani. Amekonda.
Nikashuka. Nikachimba.

Jumanne, 13 Mei
Mvua kubwa. Gogo moja limekwenda na maji. Chifu anasema mtu akizama, wa kulaumiwa ni mimi. Nimeogopa. Nimeomba.

Ijumaa, 16 Mei
Maji yamepungua. Magogo manne, kamba ya kushikilia. Chifu mwenyewe alivuka wa kwanza, akijifanya anakagua.
Kwamboka hajarudi. Mama yake bado hawezi kusimama. Lakini egesangio ina zamu, na wao wamejenga daraja nasi. Kwa hiyo leo nimevuka na kulima shamba la mama mkwe. Kwamboka akaniletea chai pale mpakani mwa migomba. Alinitoa tope shingoni kwa kidole.
Jioni nikarudi peke yangu. Barua bado imebandikwa mlangoni kwa chifu.
Nimenoa jembe. Shamba lile ni kubwa, namshukuru Mungu.