Nilipiga Mhuri kwa Ng'ombe Nisiowapima

Mpendwa Shangazi, naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujanifokea, maana nimefika mahali ambapo hata chai hainishuki. Mimi ni daktari wa mifugo, niko kwenye ofisi ndogo yenye meza mbili na friji moja la chanjo, karibu na mpaka wa jimbo letu na jimbo jirani, na kazi yangu kubwa ni kupima wanyama wanaovuka na kuwaandikia cheti cha afya, kwani bila cheti hicho hawapiti kwenye kizuizi. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na minne na sijawahi kuandikiwa barua ya onyo hata moja.

Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea mama alipofariki, ameolewa huko ng'ambo ya mpaka, na mwanzoni mwa mwaka alinunua mitamba wanne wenye mimba upande huu ili ampe binti yake, yaani mpwa wangu, aliyekuwa mjamzito kwa mara ya kwanza na anaishi kwa wakwe. Kibali cha kuwaingiza kilikuwa kimebakiza siku tatu, na damu ya ng'ombe ikipelekwa maabara majibu huchukua siku kumi, nikamwambia dada asubiri tuombe kibali kingine, akanijia juu, "Wewe ni daktari au si daktari? Lori liko hapa, ng'ombe wanang'aa, andika!" Shangazi, nikaandika. Niliandika "wamepimwa, hawana maambukizi," nikagonga mhuri, ingawa aliyewauza alikuwa ameniambia kwa mdomo wake kwamba mmoja wao alitupa mimba mwaka uliopita, nami nikajifanya sikusikia. Kizuizini, askari alipoiona sahihi yangu hakuwashusha hata ng'ombe.

Baada ya miezi miwili yule mtamba akatupa mimba, na mpwa wangu ndiye aliyemsaidia, kwa mikono mitupu, akamvuta ndama mfu na kondo lake, kisha akanawa kwa maji ya ndoo akaendelea na kazi. Mwezi uliofuata mimba yake mwenyewe ikatoka, ikiwa na miezi sita. Nilienda kumpa pole, nikamkuta amelala ubavu, mama mkwe wake yuko uani anaongea kwa sauti ili asikike, eti wameletewa mke mwenye tumbo bovu. Mpwa wangu akanishika mkono akaniuliza, "Mjomba, wewe umesoma, hebu niambie, mimi nina kasoro gani?" Nikamjibu, "Pumzika, Mungu atakupa mwingine." Hadi leo homa inampanda na kushuka, kituo cha afya wameshamtibu malaria mara mbili.

Mimi najua ni nini, Shangazi. Ugonjwa huo unaowatupisha ng'ombe mimba huwapata watu pia, kwa kushika kondo au kunywa maziwa mabichi. Nikisema, napoteza kazi, huenda nikashtakiwa, na dada hatanisamehe, na wanangu bado wanasoma, na bosi wangu ananitegemea, na mwakani nilikuwa napandishwa cheo. Nikinyamaza, silali. Nifanye nini?

Mimi, Mwenye Mhuri


Daktari,

Kazi yako na cheo chako vimejaa kwenye barua, lakini homa ya mpwa wako umeipa mstari mmoja. Nilipofika kwenye mstari huo niliacha kusoma, nikakupigia kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha, maana ugonjwa hausubiri zamu ya gazeti. Wasomaji wajue kwamba haya umeniruhusu niyaseme.

Uliniambia, "Nitaenda Jumamosi, Shangazi, nijipange kwanza." Nikakuuliza kama na homa yake umeiambia ijipange. Nashukuru kwamba siku hiyohiyo ulimpigia mpwa wako, akaenda hospitali kubwa, ukaongea na daktari wake kwa simu na kumweleza cha kupima. Amekutwa na ugonjwa huohuo wa ng'ombe. Ameanza dawa za wiki sita, na huenda akapona kabisa, ila mtoto ndiyo hivyo, hatarudi. Tena hakuna atakayeweza kukuapia kuwa ni ng'ombe yule aliyemwua, wala kuwa siye. Hilo utaishi nalo, na mimi sina dawa yake.

Dada yako naye ulimpigia ukamwambia ukweli; alikusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi nilikuwa najisifu kwa watu kuwa mdogo wangu ni daktari," akakata simu. Usimpigie kila siku kumlilia. Mwache aumie, ana haki.

Nakuonea huruma, usidhani sikuoni. Kumkatalia aliyekulea si jambo dogo, na maabara ya siku kumi kwa kibali cha siku tatu ni uzembe wa wakubwa wako. Kawaambie hivyo watakapokuita. Lakini muuzaji alikwambia ukweli bila hata kuulizwa, na wewe, msomi, ukaziba masikio. Hapo usimtafute wa kumsingizia.

Sasa, leo, wala si Jumamosi, andika barua mbili za maelezo kwa mkono wako, moja kwa bosi wako na nyingine kwa ofisi ya mifugo ya ng'ambo, ili ng'ombe wa boma lile na wa majirani wafungiwe na wapimwe, na nyumba zote zinazonunua maziwa pale ziambiwe ziyachemshe. Halafu kuna swali nililokuuliza kwenye simu ukalikwepa: ni cheti hicho kimoja tu? Fungua daftari lako la mwaka huu. Kila mnyama uliyemwandikia bila kumpima, taja alikoenda. Kazi huenda ikaondoka. Wanao watakula kwa kazi nyingine.

Na kwa wale wakwe usitume ujumbe, wala usimtume dada yako. Nenda mwenyewe, ukae mbele ya mume wa mpwa wako na mama yake, useme kosa ni lako na binti yule hana kasoro yoyote. Wakikufukuza, ondoka. Ila hakikisha umeshalimaliza neno hilo, na yeye mwenyewe amelisikia.