Kahawa Niliyomkaangia Sefu

Jumatano, Mfungo Pili, 1956. Ngamiani.

Kusi linavuma tangu alfajiri, na kifua changu kinalijua. Nimeshindwa kwenda msikitini. Nimekaa uani nimejifunika shuka, na vidole bado vinanuka moshi.

Leo alikuja Sefu.

Naandika haya kwa sababu siwezi kumwambia imamu, na binti yangu Zuhura ameshaona ya kutosha kwa siku moja. Nina jambo la kukiri kabla sijafa. Si la zamani. Ni la leo, kabla ya adhuhuri.

Sefu alikuwa mume wa dada yangu, Mwanamvua. Alimwacha akiwa na mimba kubwa kwa sababu ya maneno ya watu wa Kigombe, kwamba mtoto si wake. Mwanamvua alirudi kwetu kwa miguu, kifurushi kichwani. Alifariki akijifungua, na mtoto akamfuata. Nilimtazama yule mtoto kabla hajavikwa sanda. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjika kwa juu, vilevile kama la Sefu.

Sefu hakuja mazikoni. Alioa tena, na baadaye akaoa tena.

Sasa anakwenda Makka. Meli inaondoka Jumamosi, na kabla hajapanda inampasa azunguke akiwaomba radhi wote aliowakosea. Nilijua atafika kwangu. Nimeingoja siku hii kuliko nilivyoingoja pensheni yangu ya ualimu, na jibu nilikuwa nimeshaliweka tayari: hapana.

Nyumbani kwangu mgeni hukaangiwa kahawa mbele ya macho yake, tangu buni zikiwa mbichi. Majirani hunicheka, husema Mwalimu ni bahili, hataki kumpa senti zake muuza kahawa wa mtaani. Wacha waseme. Daktari amenikataza kuinywa, hakunikataza kuikaanga.

Alikuja amevaa kanzu mpya, ameegemea bakora. Zuhura akampa shikamoo na kumwekea kiti.

"Shemeji," akaniambia, "nimekuja kutaka radhi. Kama nilikukosea, kwa kujua au kwa kutokujua."

Nikamjibu kwamba ushemeji ulikwisha zamani, ila akae nimkaangie kahawa. Uso ukamkunjuka. Alidhani nimeshamsamehe.

Nikaweka kikaango juu ya makaa, nikamimina buni. Kwanza zilinuka majani mabichi, kisha zikawa za manjano na kunuka mkate. Nilizigeuza polepole kwa mwiko, naye akawa ananieleza habari za magoti yake, za macho yake yanayofunga utando, za wake aliowazika. Nilimsikiliza. Buni zikaanza kupasuka, moja moja, kisha zote pamoja, zikapata ile rangi ninayoitaka.

Na hapo nikalegea.

Nilimwona ni mzee tu kama mimi, amekonda kama mimi, kanzu inampwaya mabegani. Nilikuwa karibu kumwita Zuhura alete kinu tutwange, nimmiminie kikombe, nimpe radhi yake aende zake. Nilitaka jambo moja tu kwanza. Nikamuuliza, radhi ya nini? Alitaje kosa lenyewe kwa kinywa chake.

Akainamisha kichwa. "Ni yale ya Mwanaidi," akasema. "Nilimdhulumu sana Mwanaidi."

Mwiko ukasimama mkononi mwangu.

Mwanaidi ni mke aliyemuoa baadaye. Huyo sikuwahi hata kumwona.

Sikumsahihisha. Nilimkazia macho tu, na buni zikatoa mafuta, zikatoa moshi, zikawa nyeusi kama makaa yaliyokuwa chini yake. Sefu akaanza kukohoa. Zuhura akaja mbio na kitambaa aepue kikaango, nikamshika mkono. Sefu akakitazama kikaango, akanitazama mimi. Niliona ameelewa kwamba amekosea, ila hajui amekosea wapi.

"Kahawa imeungua, Sefu," nikamwambia. "Katafute jina la dada yangu, kisha urudi."

Aliinuka kwa shida. Pale mlangoni nilimsikia akimbembeleza Zuhura kwa sauti ya chini amtajie jina, Mungu atamlipa.

"Kamuulize mwenye kahawa, babu," Zuhura akamjibu.

Nilidhani binti yangu yuko upande wangu. Aliporudi alichuchumaa akaanza kukwangua kikaango, hakuniangalia. Akauliza, "Baba, hii umeiunguza kwa ajili ya shangazi, au kwa ajili yako?"

Nikajivutia shuka mabegani.

Jibu nalijua, na ndilo ninalolikiri hapa. Alipotaja jina lisilo la dada yangu, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake kilichoibwa. Nilikuwa naiachia hasira yangu, naye kwa ulimi wake mwenyewe akanirudishia yote, na nikaipokea kwa mikono miwili. Dada yangu amesahauliwa na mtu aliyemuua, nami nikaona raha. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na bado ni tamu.

Kigombe wamo bibi wazee wanaomkumbuka Mwanamvua. Sefu akiuliza, atajibiwa. Huenda kesho asubuhi akabisha hodi tena, jina limo mdomoni.

Zuhura anataka kwenda kumwita daktari, maana anasikia ninavyopumua. Nimemkataza. Maiti haombwi radhi. Sefu anajua, nami najua. Nikimtangulia, atapanda meli na mzigo wake na kuizunguka nao Al-Kaaba, na hakuna atakayempokea.

Lakini akija nami ni hai, akakaa kwenye kiti kile, akasema "Mwanamvua" sawasawa, nitapata wapi sababu nyingine?

Ee Mola, nichukue kabla hajalikumbuka.