Wanabomoa Jumba la Mawe, Dada

Dada yangu Namkunda,

Wiki hii wameanza kulibomoa jumba la mawe kule msituni. Nimeona nikwambie mwenyewe, maana hakuna aliyelijua kama wewe, na sijui kama huko uliko habari za huku hufika.

Mambo yamebadilika sana, dada. Ukishuka Same mjini siku hizi utadhani umeingia nchi nyingine. Sabuni zimepangwa dukani mpaka darini, na mwenye duka ndiye anayekuita uingie. Wanangu nikiwasimulia kwamba tulifua kwa majani ya mpapai wanacheka mpaka wanalala chini. Siwalaumu. Hawakuiona miaka ile. Hawakuliona duka la kijiji likiwa na rafu tupu na mwuzaji anayesinzia. Mama alipojifungua Eliamini, hapakuwa na kipande cha sabuni cha kumfulia mtoto wala chumvi ya kutia kwenye makande. Baba alikuwa akikohoa tayari, hawezi milima. Ndipo ulipobeba kikapu cha maharage ukasema utashuka tambarare, kijiji cha Kisiwani, kwa watu waliopata vitu kutoka ng'ambo ya mpaka. Mama akakwambia usiende peke yako. Ukanitazama.

Nilikuwa bado naogopa msitu, nawe ulijua. Ulinitanguliza mbele ili nisihisi kitu nyuma yangu. Njia ilikuwa nyembamba na ya utelezi, miti imeota ndevu, ukungu unatushukia hata mchana. Ulinifundisha kukanyaga mizizi kwa upande. Ulikuwa ukiimba sauti ya pili ya kwaya ya Jumapili, bila sauti ya kwanza, na mpaka leo nyimbo zile zikiimbwa kanisani naisikia ya pili peke yake, hata kama hakuna anayeiimba.

Na katikati ya msitu, jumba. Mzungu mmoja mkulima wa kahawa alilijenga zamani kwa mawe meusi, ghorofa moja na mnara wa duara pembeni, kisha akaondoka kabla hatujazaliwa. Bati lilikuwa limeshaanguka. Mti ulikuwa umeota sebuleni ukatokea juu. Watu wazima walipita pale haraka, wakikohoa makusudi. Wewe ulinishika mkono ukaniingiza ndani na kuanza kugawa vyumba.

"Hiki cha mama na mtoto, kina jiko la ukutani, hawatasikia baridi. Hiki cha baba. Mimi nakaa mnarani."

"Na mimi?"

"Wewe unakaa na mimi, si unaogopa?"

Tulipanda ngazi za mawe tukachungulia dirishani. Ukungu ulipofunguka kidogo tuliiona tambarare yote, Kisiwani kama vijiti vilivyomwagwa, na nyuma yake mbuga isiyokwisha. Uliniambia kwamba siku moja utaenda uone mwisho wake. Ulisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema ataenda kisimani.

Tulipita pale mara nyingi. Nikaacha kuogopa. Ile siku ya mwisho tulikuwa tunapanda kurudi, kikapu kina sabuni ya mche, chumvi na mafuta ya kupikia kwenye chupa. Mvua ilitufukuza tukaingia jumbani. Ilipoanza kukatika tukasikia filimbi chini yetu, njiani. Mgambo. Miaka ile mtu akikutwa na mche wa sabuni usioelezeka aliitwa mhujumu uchumi, akapelekwa mahabusu, na vitu vikapotea. Nawe ulijua nyumbani mama anangoja nini.

Ulinipandisha mnarani na kikapu. Ulivua khanga yako ya kichwani ukaifunga juu ya majani makavu, ikawa kama mzigo, ukajitwika. Nilikuuliza unakwenda wapi.

"Nawapitisha njia ya juu. Wakinikamata watakuta majani. Tulia hapa, nitazunguka."

Ukatoka. Nilikusikia ukiimba kwa sauti kubwa, makusudi wakusikie, na sauti ikawa inapanda kuelekea maporomokoni. Filimbi zikaifuata. Kisha ukungu ukafunga kila kitu, nami nikakaa nimekumbatia kikapu, matone ya mvua yakitona kwenye mawe.

Sijui nilikaa kiasi gani. Ninachokijua ni kwamba uliniita. Jina langu, Nanzia, mara moja, kutoka chumba cha chini, kile ulichompa mama. Haikuwa sauti ya hofu. Ilikuwa kama unaniita nije kula. Nilishuka mbio na kikapu. Hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa umejaa mwanga wa jioni baada ya mvua, njia inaonekana hadi mbali, nami nikadhani umetangulia. Nikakufuata mpaka nyumbani nikiamini uko kona inayofuata.

Kesho yake wanaume walikukuta chini ya korongo, pale majani ya kangaga yanapouficha ukingo. Mmoja wa wale mgambo ndiye aliyekubeba mgongoni, kijana wa kijiji cha pili, hakukubali kupokewa. Alipokulaza uani alimwambia baba, huku hana viatu, "Mzee, tulikuwa tunamsikia anaimba. Halafu hatukumsikia. Hatukumgusa, mzee." Baba alimjibu, "Najua." Wazee walioangalia mwili wako walisema ulianguka wakati mvua bado inanyesha. Nami nilisikia jina langu mvua ilipokwisha kabisa. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mchungaji angeomba, bibi angetaka tukachinje mbuzi wa tambiko, na mama alikuwa ameacha kulitaja jina lako.

Sabuni ile tulifulia sanda yako. Iliyobaki mama aliifulia nguo za Eliamini mpaka ikaisha.

Baba alikufuata mvua za mwaka uliofuata. Mimi nikaolewa tambarare, mume wangu akifanya kazi kwenye shamba la mkonge. Kisha nchi ikafunguliwa, shamba likauzwa kwa mwekezaji, na wafanyakazi wakapunguzwa kama unavyopunguza miche bustanini. Tukapanda kurudi nyumbani. Nikajikuta, dada, natafuta riziki kwenye njia ileile. Wazungu walikuwa wameanza kuja kutembea milimani, wanataka mtu wa kuwaonyesha msitu. Nani angeijua njia ile kuliko mimi? Niliwaonyesha vinyonga, ndege, miti yenye ndevu, jumba. Wakipiga picha mnarani mimi nilibaki nje. Siku za ukungu niliwahimiza tuondoke mapema, kwa sababu siku za ukungu kuna mtu anatembea mle juu. Anatembea polepole, kama anayepanga vyumba.

Mwaka jana alikuja mama mmoja Mfaransa na mumewe. Alijua Kiswahili, cha Kongo, alikouguza wagonjwa ujanani. Tulipofika jumbani alikaa kwenye kizingiti akatoa mkate akanigawia. Akanisimulia kwao, mashambani, ambako kila Jumapili wao wawili hutembea kwenye misitu, na njia ya msitu humfikisha mtu kwenye ngome ya zamani yenye mnara kama huu. Watu wananunua tiketi mlangoni, wanaonyeshwa kitanda cha mwenye nyumba na sufuria zake.

"Na kila ngome iko na mtu wake mwenye alikatala kutoka hata kisha kufa," akasema. "Moja iko na bibi arusi. Ingine mtoto. Hapa ni nani?"

Mumewe akacheka kidogo. Yeye hakucheka. Aliniangalia, nami nikakuta mdomo wangu unasema, "Dada yangu. Anaitwa Namkunda."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lako ndani ya kuta zile tangu siku ile. Yule mama aliuweka mkate chini, akauliza ulikuwa na umri gani, ulipenda nini. Nikamweleza yote, hata kuitwa. Hakuniambia kwamba nilikuwa mtoto wala kwamba ni upepo. Aliniuliza tu, "Mama yenu anajua dada yako iko hapa?"

Swali hilo nimeishi nalo mpaka majuzi, serikali ya kijiji ilipotangaza kwamba mawe ya jumba yatachukuliwa kujengea zahanati, wodi ya wazazi kwanza. Mkutano mzima ulipiga makofi. Nami nilipiga, dada. Hadi leo wanawake wenye uchungu bado wanashushwa usiku kwa machela. Lakini nilirudi nyumbani, nikamkuta mama anachambua maharage, nikamwambia kila kitu. Kwamba uko kule. Kwamba sasa utakosa pa kukaa.

Mama aliendelea kuchambua. Alimaliza ungo wake. Kisha akasema, "Kesho utanipeleka."

Miguu yake imevimba, lakini alitembea. Mafundi walikuwa wamefika na nyundo zao, wakatusalimia, "Shikamoo mama," akaitikia, akawaomba watoke kidogo. Akaingia peke yake. Nilimsikia akipita chumba hadi chumba, akikusemesha kwa Chasu, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya chini ambayo watu humsemeshea mtoto aliyelala kwa majirani. Sikusikia maneno. Nilisikia jina lako, zaidi ya mara moja. Alipotoka uso ulikuwa umelowa na umetulia.

Nikataka kumshika mkono tuanze kushuka. Akanizuia.

"Wewe tangulia. Mimi nitakuja mwisho," akasema. "Huyu apite katikati."

Basi nikatangulia. Njia imeziba pembeni, matawi yanalala juu yake. Kila tawi nililolisukuma nilibaki nimelishika, nikikusubiri, kisha nikaliachia taratibu. Na nyuma, mbali kidogo kuliko ilivyopaswa kuwa kwa watu wawili, nilisikia mama naye akilipokea.

Ulale, dada. Mlango wa nyumbani tumeurudishia tu, hatujaufunga.

Mdogo wako,
Nanzia