Mizizi ya Mukawa

Jumamosi, 8 Machi
Mlima tena, njia ya Naro Moru, mimi na Baba. Mchezo ni uleule. Mtu ameficha kopo porini, ameweka alama yake kwenye ramani ya simu. Tunalitafuta, tunaandika majina yetu ndani, tunalirudisha. Baba hajali makopo. Anakuja kwa ajili ya vichaka. Anashika kila kimoja na kukitaja: muthakwa, mukenia, mukawa. Mimi nalinganisha na picha za kitabu changu. Tangu Mama afariki, ni huku tu anakozungumza. Kwa hiyo naja, ingawa naogopa nyati, naogopa ukungu, naogopa hata mbwa wa watu.

Kopo la mwisho lilikuwa chini ya kichaka kikubwa, nje ya lango la msitu, mpakani mwa shamba la mtu. Baba alipapasa majani, akacheka.

“Maitu, huu ni mukawa mzee kabisa! Mizizi yake ndiyo supu.”

Maitu ni ‘mama’ kwa Kikuyu; ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. Mwenye shamba alituruhusu kuchimba. Baba alichimba huku akipiga mluzi. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu mazishi.

Jumapili, 9 Machi
Mizizi imeanikwa juu ya banda la mbuzi. Baba amewaalika wazee wa kanisa Jumamosi ijayo. Atachinja beberu. Supu atapika mwenyewe, na kikombe cha kwanza atakunywa yeye. Ndivyo mwenye boma afanyavyo kabla ya kuwapa wageni. Amenyoa ndevu. Nina furaha. Naandika ili nisisahau.

Jumatano, 12 Machi
Kazini. Foleni ya vyeti vya kuzaliwa ilifika nje. Saa ya chai nilifungua picha za Jumamosi. Kuna moja ya Baba kando ya kile kichaka. Niliikuza. Sioni mwiba.

Mukawa una miiba. Muricu hauna. Majani karibu sawa, matunda karibu sawa, utomvu wote ni mweupe. Muricu ndio uliopikwa kuwa sumu ya mishale zamani. Unasimamisha moyo.

Alasiri nzima niligonga mihuri bila kuona ninachogonga.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwambia. Kwa upole, wakati wa kula.

“Ati miiba? Mukawa ukizeeka, miiba inapukutika. Hiyo supu nimeinywa kabla hujazaliwa. Kula, Maitu, chakula kinapoa.”

Sikuendelea. Mimi ni mwoga. Labda yuko sahihi, labda picha haionyeshi vizuri. Nikishikilia, kumbe nimekosea, nitakuwa nimemnyang'anya kitu pekee kilichomrudishia kicheko. Nikinyamaza, kumbe sijakosea, sitaki hata kuandika.

Ijumaa, 14 Machi
Niliomba ruhusa niende nikakiangalie kichaka. Bosi alikataa. Jioni nilipanda juu ya banda niitupe mizizi. Haipo. Baba ameshaikatakata na kuifungia kwenye sanduku chumbani kwake. Ananijua.

Jumamosi, 15 Machi
Niliondoka alfajiri. Nilidanganya kwamba naenda soko la Giakanja. Alama ya simu ilinipeleka hadi kwenye kopo, na kichaka ni kilekile, udongo tuliochimba bado mbichi. Nilikagua tawi baada ya tawi. Hakuna mwiba hata mmoja. Mbele kidogo kuna mukawa wa kweli. Ulinichana mkono.

Nilimpigia Baba simu njia nzima. Huwa anaiacha kitandani.

Nilifika sufuria ikitokota. Wazee wameketi, Baba amesimama na kikombe. Alikuwa anakipuliza kipoe. Nilimkimbilia. Nikampiga mkono. Kikombe kikaruka. Kisha nikaisukuma sufuria kwa mguu, yote ikamwagika.

“Huyu ni karani ama ni ng'ombe?” Mzee Gathogo alipiga kelele. “Supu yote, jameni!”

“Amekasirika hatukumletea bwana,” mwingine akasema. Wakacheka.

“Ni muricu,” nilisema. Kicheko kikakatika.

Baba hakuniangalia. “Umeniaibisha mbele ya wageni wangu.” Akaingia ndani na kufunga mlango.

Wazee walikula nyama iliyochomwa kando, wakaondoka mapema. Mzee Gathogo alibaki. Alinisaidia kufukia ile supu, kuku wasiidonoe. Hakutania tena.

Jumatatu, 17 Machi
Haongei nami. Namwekea chai mlangoni. Kikombe narudi kukikuta kitupu. Angalau anakunywa.

Alhamisi, 20 Machi
Bado. Nilimwokoa na nimempoteza. Ningefanya vilevile tena. Hilo halinifariji hata kidogo.

Jumamosi, 22 Machi
Asubuhi nilimkuta amekaa kibarazani, amevaa buti.

“Nionyeshe,” alisema.

Nilitangulia, yeye akanifuata hadi tulipofika. Alishika kichaka kile, akapitisha vidole kwenye kila tawi, polepole. Nikamwongoza hadi kwenye mukawa. Mwiba ulimchoma kidole. Akakisogeza karibu na jicho, karibu sana, kuona kama kuna damu. Hapo nikaelewa.

“Miiba niliikumbuka, Maitu. Nilidhani ipo ila siioni. Tangu mwaka jana sivioni vizuri vitu vingi.” Akafuta kidole kwenye suruali. “Uso wako nauona ukiwa karibu tu.”

Hakusema asante. Hakuomba msamaha. Tulikaa chini kwenye nyasi. Nililia. Yeye pia, kidogo, akisingizia upepo.

Jumatano, 26 Machi
Kliniki ya macho, Nyeri mjini. Safari hii bosi alinipa ruhusa. Baba alivaa koti la kanisani. Muuguzi alimmulika, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba upasuaji husaidia. Tusubiri daktari.

Benchini Baba aliogopa. Sikuwahi kumwona akiogopa. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama watamlaza usingizi kwanza, au atahisi kisu. Sikujua. Nilienda nikauliza, nikarudi nikamweleza yote, polepole. Akaniomba nimweleze tena. Nikamweleza tena.

Walipoita jina lake tulisimama wote wawili.