Kwa Mwalimu wa Maziwa wa Juba

Baba Abuk wangu,

Nimekaa kwenye meza ya jikoni hapa Akalla, huku kwa Waswidi, upande wako, kwa sababu upande wangu umejaa vitabu vya Abuk. Theluji imeanza kuyeyuka na njia ya kwenda stesheni ni matope matupu. Ungelalamika juu ya viatu vyako mpaka tufike. Ni mwaka wa pili sasa tangu wakuzike, na bado nikifungua friji naangalia kama umemaliza maziwa bila kusema.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinitia aibu dukani? Tumeenda kununua mkate, wewe unasimama mbele ya rafu ya maziwa kama mtu aliyeingia makumbusho. Unachukua pakiti moja moja, unasoma: mgando mzito, mgando mwepesi, krimu, siagi, jibini la kila aina. Watu wanapita na vikapu vyao, mimi nakuvuta koti.

"Ngoja kwanza, Mama Abuk," unasema. "Hawa kwa wingi wa ng'ombe hawatufikii hata kidogo. Na sisi Juba tunakunywa maziwa ya unga ya kopo, au ya pakiti kutoka Uganda. Ng'ombe wetu wanatuangalia tu."

Ulisema hivyo kwa Kiswahili chako cha Kakuma, kambi ya wakimbizi ulikokulia, na ulicheka, lakini nilijua kinakuuma. Wiki nzima unafunga boliti za malori kiwandani Södertälje, Jumamosi unapanda basi kwenda kwenye shule ya mashamba nje ya mji kujifunza kutengeneza mtindi na jibini. Nilikuuliza kwa nini hupumziki. Ukaniambia nchi yako nzima inaishi kwa bomba moja la mafuta, na bomba lenyewe linapita kwa jirani. Likiziba, mwalimu hapati mshahara, anaondoka, darasa linafungwa. Na mtoto aliyefungiwa darasa atajua nini akikua, zaidi ya kusubiri bomba lifunguliwe? "Lazima mtu aanze kuwafundisha kitu kingine," ulisema. Sikujua kuwa huyo mtu ni wewe, mpaka uliponionyesha tiketi ya kurudi Juba.

Nililia, lakini nilikuacha uende. Hilo naomba nihesabiwe.

Simu yako ya mwezi wa kwanza ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Wanafunzi kumi na wanne, nusu yao vijana wa kiume wenye alama za utu uzima kwenye paji la uso, kama wewe. Na kwenu mwanaume akishachanjwa zile alama hakamui tena. Kukamua ni kazi ya wanawake na watoto. Vijana wakakunja mikono, wakasema watajifunza mashine, watajifunza hesabu, ng'ombe wakamuliwe na wasichana. Basi ukavua saa, ukanawa mikono, ukachuchumaa chini ya ng'ombe mbele ya shule nzima, mwanaume mzima, mpaka ndoo ikajaa.

"Kuna mmoja alitoka nje kutapika," uliniambia, na tulicheka mpaka Abuk akaja kuuliza kuna nini. Kesho yake vijana watatu walichuchumaa. Mjomba wako alipopata habari alikuita mwanamke na akaacha kupokea simu zako. Ulivumilia. Mwaka wa pili mtindi wenu ulikuwa unauzwa kwenye maduka manne, na wewe ulikuwa unaongea haraka haraka kama kijana aliyepata mchumba.

Kisha bomba likapasuka huko kwa jirani kwenye vita, na mishahara ikakatika kama ulivyosema. Walimu wenzako wakaondoka mmoja mmoja. Wewe ukabaki ukifundisha bure. Mimi huku nawageuza wazee vitandani kwenye makao yao Vällingby, narudi nyumbani na mgongo umekufa, namkuta Abuk anakula peke yake. Ndipo ukaniambia, kama mzaha, kwamba bomba limeanza kutengenezwa na kuna watu wa mafuta wanakutaka kule kaskazini, ukawe msimamizi wa stoo. Ulisema umewakatalia.

Ilikuwa Jumapili mchana. Nayakumbuka maneno yangu yote na natamani ningeyasahau.

"Mwanaume mwenye vyeti viwili unashinda chini ya ng'ombe kama mwanamke. Wenzako wako kwenye mafuta. Hao watoto si wako. Wako yuko hapa."

Nilisikia ng'ombe nyuma yako. Halafu ukasema, taratibu, "Sawa, Mama Abuk. Nimesikia."

Nilikutukana tusi la mjomba wako. Mimi, mtoto wa Kinangop kule Kenya, ambaye mama yangu alinisomesha kwa maziwa ya ng'ombe watatu na akanikamulisha kabla ya shule kila siku! Ukoo wako wote ulishindwa kukutoa kwenye lile darasa. Mimi niliweza kwa simu moja.

Ulienda kaskazini wiki iliyofuata. Mwezi wako wa tatu huko homa ikakushika kwenye kambi ya mafuta, barabara imekatwa na mafuriko, na waliponipigia ulikuwa umeshaondoka. Nimekukosea, mume wangu. Nakuambia leo kwa sababu ulipokubali kwenda nilikuambia tu kwamba nakushukuru.

Wiki iliyopita Nyankiir, yule mwanafunzi wako aliyesomea Kenya, aliipata namba yangu akaniachia ujumbe wa sauti. Anasema wamebaki sita, bado wanakamua, bado wanauza. Kisha akasema, kwa adabu kabisa: "Mwalimu alituambia mafuta si ya kutegemea, halafu akatuacha akayafuata. Ilituuma sana, mama. Lakini tumemsamehe."

Nilisikiliza mara tatu. Abuk alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwa nini Baba aliacha shule. Miaka yote hii nimemwambia uliamua mwenyewe. Safari hii nilimweleza yote, hata lile tusi. Hakulia. Alinijibu kwa Kiswahili, lugha ambayo huwa namwomba aniongeleshe na hataki.

"Wanamsamehe Baba kwa kosa lako, Mama. Waambie."

Basi barua hii siifungi, Baba Abuk. Jioni hii naituma kwa Nyankiir awasomee wenzake, na yeyote mwingine anayetaka kuisoma aisome. Nyankiir, mwanangu, mwalimu wenu hakuwakimbia. Nilimtoa mimi. Badala ya ule msamaha mliompa, mrudishieni heshima yake, maana yeye hakuuhitaji.

Pumzika, mwalimu.

Ni mimi mkeo,
Mama Abuk